Sidi Nguchiro na Pembe ya Chokaani

Hapo zamani za kale, siku ambazo wanyama walifagia nyua zao asubuhi na kupiga hodi kabla ya kuingia kwa jirani, kilikuwako kilima kilichoitwa Chokaani. Sogeeni karibu. Na wewe unayechokonoa ukuta, acha, kwa maana hadithi hii haina kicheko kingi na sitairudia.

Kilima hicho kilikuwa cheupe ndani. Ukiparura kwa ukucha mmoja tu, nyasi zinang'oka, na chini yake unakuta udongo wa chokaa, laini, unaoacha unga vidoleni. Udongo mweusi wa juu ulikuwa mwembamba kama chapati. Mti mkubwa haukupata pa kushika, muhogo haukukubali, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kusimama akasema kilima ni chake. Kilikuwa cha wote.

Lakini nyasi zake! Zilikuwa fupi, nene, tamu, zimechanganyika na vijiua vya manjano na vya zambarau, na juu yake vipepeo wasiohesabika. Na sheria ya Chokaani ilirithiwa kwa midomo tu: hakuna kujenga ua, hakuna kulima, na kila mtu ale kwa zamu yake. Masika yakiisha, wakubwa walipanda kutoka bondeni. Punda milia walitangulia, kwa sababu meno yao hayaogopi mabua magumu. Nyati wakafuata. Swala wakaja nyuma kuchuma machipukizi. Wakiondoka, kilima kimenyolewa kama kichwa cha mtoto wa siku arobaini.

Akina mama wajawazito walikuwa na haja nyingine pia. Walipiga magoti pale ardhi ilipomomonyoka, wakalamba udongo mweupe, maana chokaa ndiyo inayomtengenezea mtoto mifupa tumboni. Msicheke. Hata mama zenu walikula udongo mlipokuwa tumboni, na ndiyo maana mna miguu ya kunikimbilia nikisema chakula tayari.

Na chini ya yote hayo, mashimoni, waliishi nguchiro.

Wakubwa walikuja na kwenda, nguchiro walikaa mwaka mzima. Walikuwa na mikeka, vyungu na majiko yao humo chini, na walikuwa na desturi ya kusimama zamu. Wengine wakitafuta chakula, mmoja husimama juu ya kichuguu kwa miguu miwili, akiimba taratibu: kwi... kwi... kwi... Maana yake, nipo, naona, kuleni. Wimbo ukikatika, kila mtu shimoni, purrr, bila kuuliza kwa nini.

Kati yao alikuwako mama mmoja aitwaye Sidi. Alikuwa mdogo wa umbo hata kwa nguchiro, lakini ulimi wake, mtu wangu! Mmewahi kusikia kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni? Sidi alikuwa anamtoa nyoka, anamwazima pango, na nyoka anasema ahsante.

Alikuwa na watoto watano. Sasa nitawaambia alivyobaki na wawili.

Mwaka mmoja, nyati wakiwa kilimani, radi ilipiga karibu sana: pwaa! Kundi zima likakurupuka. Kishindo kikapita juu ya nyumba ya Sidi, na dari ya chokaa ikashuka. Sidi alikuwa nje na watoto wake wakubwa wawili, Nzaro na dada yake Kache. Wale watatu wadogo walikuwa ndani wamelala. Sidi alichimba mpaka kucha zikatoka damu. Alipowafikia walikuwa wamejaa unga mweupe puani na mdomoni, na hawakupumua tena.

Baada ya kuwazika alikwenda kwa Bi Umazi, mama mkuu wa nyati, bibi mwenye pembe pana na sauti inayotoka tumboni. Alimkuta anacheua kivulini. Bi Umazi alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole, na pole ile ilikuwa ya kweli. Kisha akasema, "Mwanangu, sisi hatukujua kama kuna watu wanaishi humo chini."

Sidi alikuwa tayari kwa matusi, na alikuwa tayari kwa ubishi. Hilo hakulitarajia. Miaka yote waliyopita juu ya kichwa chake, miaka yote aliyosikia kwato zao akiwa anasonga ugali, wao hawakujua. Alirudi nyumbani akilirudia neno hilo njia nzima.

Shangazi yake, Bi Mbeyu, alimshauri arudi tena. Aende awaonyeshe mashimo, moja baada ya jingine, wayajue. Wale ni wazito, alisema shangazi, siyo waovu.

"Nimekwisha kusema, shangazi," Sidi akajibu. "Na sitasema tena. Nitawatoa."

Mwaka uliofuata, masika yakielekea mwisho, Sidi alikuwa anachimba nyumba mpya. Ukucha wake ukagonga kitu kigumu: ko! Akakitoa, akakipangusa. Kilikuwa jiwe lililojiviringa, likazunguka na kuzunguka, lina matuta matuta, na ncha yake imejificha katikati. Ukubwa wake ulikuwa wa kata ya kubebea mtungi kichwani.

Akampelekea Bi Mbeyu. Bi Mbeyu aligeuza, akanusa, akasema huyo ni konokono wa baharini aliyegeuka jiwe. Alisema bibi yake alimhadithia kwamba kilima hiki, zamani za zamani, kilikuwa chini ya maji ya chumvi, na weupe wote huu ni magamba ya viumbe vidogo vya baharini, vilivyokufa vikarundikana mpaka bahari ikaondoka ikaviacha. Akaomba jiwe lirudishwe lilikotoka.

Sidi hakusikia habari ya bahari hata kidogo. Yeye alikuwa anatazama ile ncha iliyojikunja, na alichoona ni pembe.

Sasa jueni kwamba nyati wa kilima kile walikuwa na mwiko mmoja mkubwa. Mwenzao akifa, walisimama kumzunguka, wakamnusa mmoja mmoja, wakaondoka, na hawakula tena nyasi za mahali pale. Nyati hali juu ya kaburi. Angekufa njaa kwanza. Sidi alilijua hilo, kwa sababu watu wadogo hujua mambo ya wakubwa, ila wakubwa ndio wasiojua ya wadogo.

Siku wakubwa walipopanda kilimani, Sidi alijipaka majivu kichwani, akajifunga kaniki ya msiba, akaenda na jiwe lake amelifunika.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, Sidi. Karibu, mwanangu. Bado una msiba?"

"Msiba wangu umefukua msiba wenu, bibi. Nilipokuwa natafuta mahali pa kuwalaza wanangu waliobaki, nimemgusa mtu wenu."

Akafunua. Kundi lote likasogea, wakazunguka duara, wakashusha pua zao. Fuuu, fuuu. Jiwe lilinuka chokaa, na chokaa inanuka mfupa.

"Ni pembe ya mzee wenu," Sidi akasema polepole. "Na chini yake iko nyingine, na chini ya hiyo nyingine. Nimechimba mpaka nikaogopa. Ndipo nikajiuliza, kilima hiki kilipata wapi weupe? Mfupa ndio mweupe, bibi."

Binti wa Bi Umazi, jina lake Dama, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alikuwa ametoka kulamba wakati ule ule, na ulimi wake ulikuwa mweupe mpaka kwenye ncha. Aliutoa, akautazama.

"Mama," akasema, "tumekuwa tukiwalamba." Akageuka pembeni, akatapika.

Punda milia walikuwa wamesimama kando, na mzee wao, Charo, alikuwa mtu wa kupenda tumbo lake. Alisema kwa sauti kwamba wao hawana pembe, kwa hiyo kaburi hilo haliwahusu, na kama nyati hawali basi kitakachobaki watakila wao. Sidi alikuwa amelifikiria hilo toka nyumbani. Akafungua pindo la kaniki, akamwaga vijiwe bapa vya manjano alivyovichagua kwa siku nne.

"Na haya, mzee wangu? Haya hayafanani na meno ya mtu unayemjua?"

Mzee Charo alipitisha ulimi kwenye meno yake, la kwanza mpaka la mwisho, akarudi nyuma.

Wakaondoka wote siku ile. Waliondoka kinyumenyume, kwa heshima, wasiwape wafu migongo, na swala waliona wakubwa wanaondoka wakafuata bila kujua kisa. Bi Umazi ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alisimama mbele ya Sidi akainamisha pembe zake zile mpaka chini.

"Umetusitiri, mwanangu. Mwingine angetuacha tuendelee kuwala wazee wetu. Mungu akulipe sawasawa na ulichotutendea."

Sidi aliitikia amina, akajifunika uso kwa kaniki, mabega yakamtikisika. Nyati walidhani analia. Alikuwa anacheka, wanangu, na niseme ukweli, hata mimi ningecheka. Bi Mbeyu peke yake hakucheka. Alimtazama mpwa wake kwa muda, akaingia shimoni kupika.

Basi raha ikaanza. Mvua zilikuja, nyasi zikapanda mpaka magotini mwa swala, kama swala angekuwapo, na hakuna ukwato uliozigusa. Watoto walicheza kujificha kutwa nzima. Dari hazikutikisika. Nguchiro wote walijua alichofanya Sidi, na walimpitishia chungu cha kwanza kila walipokula pamoja. Naye alilala usingizi wake wote kwa mara ya kwanza tangu ile radi.

Kilichotangulia kwisha ni mbawakawa. Mnawajua, wale weusi wanaosukuma madonge ya mavi ya nyati. Nguchiro waliwala hao asubuhi na jioni, ndio nyama yao na ndio mchuzi wao. Sasa nyati hawapo, mavi hayapo, na mbawakawa wakafunga safari kuwafuata wenye mavi. Nguchiro walifukua hapa, wakafukua pale, wakapata mchwa wachache na vumbi.

Halafu maua yakaisha. Nyasi ndefu ziliyafunika, yakakosa jua, yakafa, na vipepeo wakaenda zao. Mwaka wa pili nyasi zilizozeeka zililala juu ya nyasi nyingine, zikaoza, na katikati yake ikachomoza miche ya miiba ambayo zamani ililiwa ingali michanga. Mwaka wa tatu miiba ilikuwa vichaka. Kile kilima kilichokuwa wazi kama kiganja, ukisimama mlangoni kwako huoni mlango wa jirani.

Na wa zamu? Wa zamu alipanda kichuguu, akasimama kwa ncha za vidole, akaimba kwi, kwi, huku haoni kitu isipokuwa majani. Waliimba kwa mazoea tu, ili wenzao wasife moyo.

Ndipo akaja Mondo.

Mnamjua Mondo? Paka mrefu wa miguu, mwenye madoa, na masikio makubwa kama ya mtu anayesikiliza habari za watu. Huyo hakai penye nyasi fupi, maana huko wote wanamwona. Alikuja mchana kweupe na akapiga hodi kama mtu wa maana. Aliwaambia nguchiro kwamba amesikia Chokaani siku hizi kuna majani mazuri na jirani wakorofi wamehama, naye ametafuta mahali kama hapo kwa miaka mingi. Akaulizia aliyefanya kazi hiyo nzuri, ili amshukuru. Wote walikuwa wamekwisha kuingia mashimoni.

Siku ya pili zamu ilikuwa ya Bi Mbeyu. Alikuwa mzee na hakupaswa kusimama, lakini vijana walikuwa na njaa, naye akasema waende wakatafute chakula. Akapanda kichuguu. Kwi... kwi... kwi... Majani hayakutikisika hata kidogo. Kwi... kwi...

Wimbo ukakatika, na wote wakakimbia. Walipohesabiana ndani, Bi Mbeyu hakuwamo.

Baada ya hapo nguchiro walianza kuhama, nyumba moja moja. Walipopita mlangoni kwa Sidi hawakuaga. Sidi naye alifunga mzigo wake, akatoka na Nzaro na Kache, lakini hawakufika mbali. Mondo aliruka kutoka pasipoonekana: chupu! Nzaro alikuwa mbele. Kache alichanwa mguu wa nyuma, na Sidi alimburuta kwa meno mpaka ndani. Nzaro hakumburuta, kwa sababu hakuwapo tena wa kuburutwa.

Sidi hakulia siku hiyo. Alikaa mlangoni akafanya alichokijua. Akamwita Mondo kwa sauti tamu, akamwambia kwamba upande wa pili wa kilima kuna sungura wanene, wengi, yeye mwenyewe amewaona.

Mondo alikuwa amejilaza hatua chache tu, anajilamba ukucha.

"Mama," akasema, bila hasira, "ulimi wako ni wa kuwadanganya wenye macho. Mimi nawinda kwa masikio. Upande wa pili wa kilima hakuna kitu, nimekwisha kuusikiliza. Ninachosikia ni mtoto wako anayehema humo ndani, na mguu wake mmoja hauendi." Kisha akatia mkono wake mrefu mlangoni akaanza kuparura. Chokaa ni laini, wanangu. Ilikuwa inatoka kama unga wa mahindi.

Kila siku aliparura kidogo, akachoka, akaenda kulala. Hakuwa na haraka. Sidi alipima kwa macho akaona zimebaki siku mbili, labda moja na nusu.

Kache hawezi kutembea. Ndani hakuna chakula. Jirani wote wamehama. Kulikuwa na watu wa aina moja tu wanaoweza kuzilaza nyasi zile na kumfukuza paka huyo, na Sidi alijua vizuri sana kwa nini hawapo.

Jua lilipokuwa kali na Mondo amesinzia, Sidi alimwambia Kache ajisukume mpaka ukuta wa mwisho wa nyumba na asimwitikie mtu. Akatokea mlango wa nyuma, akakimbia kuteremka bondeni.

Alichokikuta bondeni hakukitegemea. Nyati walikuwa wamekonda mpaka mbavu zinaonekana. Ndama walikuwa wachache, na waliokuwapo walitembea kwa magoti yaliyopinda, wakaanguka, wakainuka, wakaanguka tena. Aliambiwa na mwanamke mmoja, hata kabla hajauliza, kwamba ndama wa kwanza wa Dama alizaliwa akashindwa kusimama, na siku ya tatu akafa. Mimba mbili za baadaye hazikufika mwisho. Bondeni hakuna chokaa.

Bi Umazi alikuwa amezeeka ghafla. Alimpokea Sidi kama mtu wa nyumbani, akamwambia kwamba akina mama wanaitamani chokaa mpaka wanalia, lakini wamekubaliana afadhali ukoo uishe kuliko kuwalamba waliowazaa. Alilisema hilo kwa fahari. Sidi alitazama chini.

Hapo angesema kweli. Lakini ulimi uliozoea njia moja hauijui nyingine, na mbele yake palikuwa na kwato mia mbili. Akasema wazee wamemtokea. Akasema wameridhika, wamesamehe, na wanataka watoto wao warudi kilimani leo hii, kabla jua halijazama, wale na walambe bila hofu.

Bi Umazi alilia kwa furaha. Habari ikapita kundini, na wote wakaanza kuangua kilio. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakapiga magoti na kukaa chini.

"Mbona mnakaa, bibi?" Sidi akauliza.

"Matanga, mwanangu. Hatuwezi kukanyaga makaburi ya wazee waliotuita bila kuwakalia matanga. Siku tatu, hatuli, hatunywi, hatutembei. Siku ya nne tutapanda."

Sidi alisihi. Alisema wazee wamesamehe na matanga pia, alisema wazee wana haraka. Bi Umazi alimtazama kwa upole, akamuuliza ameona wapi wafu wenye haraka. Na kundi lote lilikuwa limekwisha kukaa, zito, kimya, kama mawe ya mtoni.

Siku tatu. Sidi aliuona mawazoni ule mkono mrefu ukiingia na kutoka. Aliona unga mweupe ukimwagika mlangoni. Uongo wake wa pili ulikuwa umeukalia uongo wa kwanza, na yeye na mwanawe walikuwa chini ya vyote viwili.

Akapanda juu ya jiwe mbele ya kundi, akasimama kwa miguu miwili, wima, kama asimamavyo wa zamu.

"Hakuna kaburi," akasema. "Hapajawahi kuwa na kaburi. Lile lilikuwa konokono. Konokono wa baharini aliyegeuka jiwe, na yale meno ni vijiwe nilivyookota mwenyewe. Nilisema uongo wa kwanza ili muondoke, kwa sababu mliwafukia wanangu watatu mkasema hamkujua tunaishi humo. Na nimesema uongo wa pili hivi sasa, kwa sababu nawaogopa. Shangazi yangu ameliwa. Mwanangu Nzaro ameliwa. Nimebaki na mmoja, na Mondo anamchimbua."

Hata ndege walinyamaza, nadhani. Mimi sikuwapo.

Aliyeinuka si Bi Umazi. Aliinuka Dama. Alikuja taratibu mpaka kwenye jiwe, na kivuli chake kikamfunika Sidi mzima.

"Mwanangu alijaribu kusimama siku tatu," akasema. "Nilimsukuma kwa pua yangu siku tatu. Unaniambia amekufa kwa ajili ya konokono?"

"Ndiyo, mama."

Dama akainua ukwato. Sidi hakukimbia, na mnajua nguchiro akitaka kukimbia hakuna wa kumkamata. Alifumba macho.

"Nikanyage," akasema. "Haki yako. Lakini ukimaliza pandeni leo, msikae. Nyumba yangu iko chini ya kichuguu chenye nyufa mbili, upande wa mashariki. Mtoto anaitwa Kache."

Ukwato ulikaa hewani muda ambao Sidi aliuona mrefu kuliko miaka yake yote. Bi Umazi ndiye aliyesema, na hakusema kwa huruma.

"Mwache, Dama. Akifa huyo, nani atatuonyesha mashimo yalipo?"

Ukwato ukashuka pembeni mwa Sidi, ti! Vumbi likamfunika. Alipofumbua macho kundi lote lilikuwa limesimama.

Wakapanda. Sidi alikuwa mbele, na wao walikanyaga alipokanyaga yeye. Kila alipofika penye shimo alisimama akasema, hapa, na nyati wa kwanza alimwambia wa pili, hapa, na wa pili akamwambia wa tatu, na mto ule wa migongo ukagawanyika ukapita kando. Vichaka vikavunjika, kra, kra, nyasi ndefu zikalala chini, na punda milia walioona kundi linapanda wakaja nyuma na meno yao magumu.

Mondo alikuwa mlangoni, mkono umezama mpaka begani. Aliinua kichwa asikilize. Masikio yale yaliyosikia mtoto akihema chini ya ardhi sasa hayakusikia kitu ila kwato, kwato kila upande. Hakujua wanatokea wapi. Akazunguka mara mbili, akaruka, akatokomea kwa upande wa magharibi, na majani yaliyomficha yalikuwa yanalala nyuma yake.

Naona mnanitazama. Mnataka kujua Kache. Alikuwa hai. Alikuwa ukutani kabisa, udongo uliomtenga na Mondo umebaki unene wa kiganja, na hakuitikia hata mama yake alipomwita kwa jina, kwa sababu aliambiwa asimwitikie mtu. Sidi aliingia akamtoa kwa shingo. Alipona, lakini mguu wake haukunyooka.

Nje, Dama alikuwa amepiga magoti pale ardhi ilipomomonyoka. Alikuwa analamba. Alilamba chokaa huku machozi yanamtiririka puani, akalamba na machozi yake humo humo. Sidi alimsogelea, akasimama karibu na pembe yake, akasema, "Pole, mama."

Dama aliinuka. Alihamia mahali pengine, akaendelea kulamba.

Mbawakawa walirudi mwaka ule ule, na maua mwaka uliofuata. Nguchiro waliohama walirudi pia, na mambo ya zamu yakawa na maana tena. Kila masika yalipoisha, Sidi aliteremka mpaka mguuni mwa kilima akawangoja wakubwa, akatangulia mbele yao akisema hapa, hapa, hapa, na hakuna dari iliyoanguka tena. Baadaye Dama akapata ndama mwingine, mwenye miguu minne iliyonyooka.

Kuna mmoja wenu ataniuliza kama walipatana. Hawakupatana. Walipanda kilima kile pamoja mpaka uzeeni, mmoja mbele na mwingine nyuma yake, na Dama hakumwambia Sidi neno lolote mpaka anakufa.

Na hadithi inaishia hapo, wanangu, na mkitaka kubaki na kitu chake bakini na hiki: amfukuzaye jirani kwa uongo hachagui atakayehamia mahali pake.